Shahidi Aliyebaki Foleni: Uchambuzi wa Safari ya Harusi Moja huko Bourgogne

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Jumamosi moja ya mwisho wa Julai, katika kijiji kidogo cha Bourgogne, nchini Ufaransa, kilicho karibu na mji wa Cluny, ambako rafiki yetu tuliyesoma naye bweni huko Moshi aliolewa na kijana wa ukoo wa wakulima wa mizabibu. Mmoja wa mashahidi wake wawili, mwanamke aliyekwisha kuishi Ufaransa miaka kumi na moja, mwenye gari zima na nia njema, alifika saa moja na dakika kumi baada ya muda uliotajwa kwenye kadi, akakuta ndoa imekwisha kufungwa na daftari limekwisha kutiwa saini bila yeye. Mimi nilikuwa ndani ya gari hilo, kiti cha mbele.

Katika kundi letu kisa hiki kimekwisha kugeuka kuwa hadithi ya foleni. Kila anayekisimulia huanzia na magari yaliyojipanga kutoka mji wa Orange mpaka Lyon, humalizia na machozi mlangoni mwa kanisa, na msikilizaji hutikisa kichwa kwa huruma. Sikubaliani na masimulizi hayo. Foleni ile ilitangazwa siku kadhaa kabla, tena kwa rangi, na kila aliyekuwa na simu aliiona. Kilichotukosesha ndoa ni namna tulivyoipanga safari miezi mitano nyuma, na kabla ya hapo, namna tulivyoisoma kadi ya mwaliko.

Kadi ilikuwa na mistari minne ya saa. Saa nane na nusu mchana, ndoa katika ofisi ya meya; saa tisa na nusu, ibada katika kanisa la kijiji cha jirani; saa kumi na moja, kile wanachokiita vin d'honneur, yaani vinywaji na vitafunio vya kuwapongeza maharusi; saa mbili usiku, chakula. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na mwaliko wa mlo wa Jumapili unaoanza asubuhi na kuvuka adhuhuri. Bibi harusi, kwa kutuhurumia na Kifaransa, alitufupishia yote hayo katika ujumbe mmoja wa Kiswahili: harusi ni saa nane na nusu, sherehe jioni, mkiweza mfike Ijumaa. Ufupisho huo haukuwa na neno hata moja la uongo, na ndio uliotupoteza.

Kwa mtu aliyelelewa kwetu, "harusi saa nane" ni tangazo la kuanza kupiga pasi. Ibada itachelewa, msafara utazunguka mji na matarumbeta yake, ukumbini watu watakaa saa nzima na zaidi wakisubiri maharusi waingie, na mgeni anayetokea saa tatu usiku bado atapata sahani yake na kupiga picha nao. Harusi yetu ni ndefu makusudi, na urefu huo ndio unaomsamehe aliyechelewa. Tuliichukua saa nane na nusu ya Bourgogne tukaipima kwa mizani hiyo, bila hata mmoja wetu kutambua kwamba anapima.

Nchini Ufaransa ndoa inayotambuliwa na sheria ni ile inayofungwa mbele ya afisa wa serikali, na imekuwa hivyo tangu sheria ya tarehe 20 Septemba 1792, wakati wa Mapinduzi. Kiongozi wa dini anayejizoesha kufungisha ndoa kabla ya ile ya serikali hutenda kosa la jinai, na ndiyo sababu padri huomba kwanza kuoneshwa cheti kilichotoka kwa meya. Kwa hiyo mistari minne ya kadi ile ilikuwa mnyororo: pasipo ofisi ya meya hakuna kanisa, na kanisa likichelewa watu wasiopungua mia moja na hamsini husimama bustanini wakitazama glasi tupu. Pete ya kwanza ya mnyororo huo ndiyo fupi kuliko zote. Ofisini hutumika dakika ishirini, pengine kumi na tano. Ndani ya dakika hizo ndimo ndoa ilimo, na kinachofuata, kwa jicho la sheria, ni kuishangilia. (Kwa mwamini ibada ni zaidi ya shangwe, na bibi harusi wetu ni Mkatoliki asiye na masihara, lakini meya haulizi habari hizo.)

Habari ya mashahidi nayo yataka kuelezwa. Kila upande hutakiwa kuwa na shahidi angalau mmoja na wasizidi wawili, wenye umri wa miaka kumi na minane au zaidi, na majina yao hupelekwa ofisini pamoja na nakala za vitambulisho kabla ya siku yenyewe. Bibi harusi alikwisha kusumbuka vya kutosha na makaratasi yake mwenyewe: cheti cha kuzaliwa kisichozidi miezi sita tangu kutolewa, tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, hati ya kuthibitisha kuwa hajaolewa, na hati inayoeleza sheria ya ndoa ya nchi yake. Baada ya hayo yote, kuchagua mashahidi kulikuwa burudani. Akachagua wawili katika sisi wanne tuliobaki wa bweni lile: Mrundi aliyekulia Kigoma ambaye sasa anaishi Paris, na Mzanzibari anayeishi Marseille. Kuwachukua wawili ilikuwa heshima aliyotaka kuigawa sawa. Hakufikiria, na sisi hatukufikiria, kwamba sheria inayoridhika na mmoja haimpi meya sababu yoyote ya kumsubiri wa pili.

Sasa nije kwenye fungu langu, maana katika lawama za kisa hiki nina sehemu kubwa kuliko ninayopewa. Mimi nilitoka Dar es Salaam, na safari ya anayetoka Dar huanza kwenye viza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na halipaswi kuchelewa zaidi ya siku kumi na tano kabla yake. Ada ni euro 90, kiwango kilichoanza tarehe 11 Juni 2024. Bima ya safari lazima iweze kulipa hadi euro 30,000. Hayo ni mepesi kwa kuwa ni ya kulipa tu. Kazi iko katika kuonesha utalala wapi kila usiku na utakula nini. Anayelala kwa mwenyeji mwenye cheti cha ukaribisho, ambacho mwenyeji hukiomba kwa meya wa mahali anapoishi na kukilipia stempu (wakati ule ya euro 30), alitakiwa kuonesha euro 32.50 kwa kila siku; mwenye hoteli iliyokwisha kulipiwa, euro 65; asiye na kimoja wala kingine, euro 120.

Safari yangu ilikuwa ya usiku kumi. Mwenzetu wa Paris, ambaye amezoea makaratasi tangu utotoni kwao, alikwenda kwa meya wa mtaa wake akatoa cheti cha usiku tano. Wakwe wa bibi harusi walitoa cha usiku mbili za kijijini. Zilibaki usiku tatu za Marseille, na mwenyeji wangu wa huko akaniambia kwamba barua yake ya mkono yatosha, nisijisumbue. Nilijua haitoshi. Sikutaka kumlazimisha mtu kwenda kupanga foleni ofisini kwa ajili yangu, nikakodi hoteli karibu na kituo cha Saint-Charles, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kwa bei ya chini isiyorudishwa. Hesabu ikatulia: siku saba kwa 32.50 na siku tatu kwa 65, jumla euro 422.50. Faili likapita bila swali.

Msomaji ameona tayari nilichokifanya. Ujumbe wa bibi harusi ulisema mkiweza mfike Ijumaa, na mimi, mwezi Februari, nilikwisha kuinunua Ijumaa hiyo Marseille. Baadaye nilijisadikisha pia kwamba kubadili mpango niliouwasilisha ubalozini kungeniletea matata, jambo ambalo halikuwa na msingi: msafiri aliyekwisha kuingia na viza halali, tena mwenye cheti cha kulala kijijini, hakatazwi na mtu kuondoka hotelini usiku mmoja mapema. Hofu ya makaratasi ilikutana na uchungu wa pesa ambayo hairudi, zikanipa jibu moja.

Yapo pia mambo ya kuonana. Watano sisi hatukuwahi kukaa mahali pamoja tangu tumalize kidato cha sita. Harusi hii ilibebeshwa kwa hiyo mzigo wa pili, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mji wake wa kuonesha, tukautanguliza mzigo wa pili mbele ya ule wa kwanza. Paris nilikaa siku tatu kwa raha. Mwenyeji wangu alinipeleka sokoni Château Rouge kununua sombe na ndizi, akanipikia chakula cha Bujumbura katika jiko lenye upana wa kabati. Jumatano nikashuka kusini kwa treni ya kasi, muda wa saa tatu na kitu, nikatokea juu ya ngazi zile 104 za Saint-Charles ambapo mji wote umetandazwa mbele yako kama mkeka.

Marseille yataka maneno zaidi, kwa sababu huko ndiko uamuzi ulikofanyika, na haukufanywa kijinga. Mwenzetu wa huko aliolewa katika familia ya Wangazija, na Wangazija wa Marseille ni umma mkubwa, ambao watangulizi wake wengi walikuja kama mabaharia katika meli za Kifaransa. Kwa Mzanzibari hilo halikuwa kwenda ugenini sana: Unguja na Ngazija zimeoana kwa vizazi, na Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mama mkwe wake na mimi tuliweza kusikilizana nusu ya mazungumzo bila kugusa Kifaransa. Mama huyo, aliposikia kwamba rafiki wa shule wa mkwewe amesafiri kutoka Dar, alitangaza chakula Ijumaa usiku. Watu walialikwa, jamaa waliokuwa wakijiandaa kusafiri kwenda Moroni kwa harusi za kiangazi walisogeza shughuli zao, na pilau ilianza kunukia tangu alasiri.

Ijumaa hiyo, yapata saa nane mchana, mwenzetu wa Paris alitupigia simu akiwa anaelekea Gare de Lyon, kituo cha treni kilichoko Paris. Alisema kwa sauti yake ya ukali ambayo hatujawahi kuizoea: "Ondokeni leo. Hata usiku, ondokeni." Kutoka Marseille mpaka Lyon treni ya kasi hutumia kama saa moja na dakika arobaini, na kutoka Lyon treni ya mkoa hufika Mâcon, mji ulio karibu na kijiji cha harusi, ndani ya saa moja, tungekula pilau saa kumi na moja jioni, tungeomba radhi, na saa nne usiku tungekuwa tunavua viatu kwa wakwe. Nilimtazama mwenyeji wangu. Yeye alimtazama mama mkwe wake aliyekuwa akichambua mchele. Halafu akaniambia, "Shoga, wewe tulia. Ile njia naijua kama chumba changu."

Sitamlaumu kwa kukataa kumvunjia mama mkwe karamu. Mtu aliyeolewa mbali na kwao anajua thamani ya heshima ya namna hiyo, na angeilipia kwa miaka. Lakini karamu iliweza kuwa Jumanne au Jumatano ya baadaye, na mama yule angekubali, kwa kuwa hakuna anayeielewa harusi kama Mngazija. Hakuna aliyemwambia kwamba mkwewe ni shahidi. Hilo nililijua baadaye, nikalisikitikia kuliko foleni yenyewe.

Kuhusu barabara nitakuwa mfupi zaidi kuliko wasimulizi wenzangu. Huduma ya taarifa za barabara ya Ufaransa iitwayo Bison Futé, yaani nyati mjanja, imekuwa ikiwapa madereva utabiri tangu mwaka 1976, na leo hutumia rangi nne: kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi. Jumamosi inayokutanisha Julai na Agosti ni maarufu kuliko zote, kwa sababu wanaorudi kutoka likizo ya Julai hupishana na wanaokwenda likizo ya Agosti, na pande zote mbili hujaa siku moja. Siku yetu ilikuwa nyeusi kwa wanaokwenda kusini na nyekundu kwa wanaopanda kaskazini. Mwenyeji wangu aliitazama rangi yetu akafarijika kwamba si nyeusi.

Tulipanga kuondoka saa moja asubuhi. Tuliondoka saa tatu kasorobo, kwa kuwa mama mkwe alitufungia sinia la sambusa na mikate la kupeleka kwa wakwe wa bibi harusi, na kwa kuwa alituongezea abiria: mpwa wa mumewe, kijana wa miaka ishirini, aliyekuwa hajawahi kuiona Bourgogne. Nyuma alikaa yeye na mtoto wa mwenyeji wangu wa miaka sita. Mwendo wa Marseille mpaka Mâcon ni kilomita 385 hivi, na siku ya kawaida ni saa nne. Hata kwa kuchelewa kule, karatasi ilitupa akiba ya karibu saa mbili.

Akiba hiyo ilianza kuliwa Orange, ambapo barabara inayotoka Hispania na Languedoc huungana na ile ya bonde la Rhône na kumwaga magari yake humo. Saa sita na robo tulikuwa Valence. Mtoto akataka msalani, na kituo cha mapumziko kilikuwa na mstari wa wanawake uliotoka nje ya mlango. Saa saba na nusu tulifika kituo cha tozo cha karibu na Vienne, na hapo mabango yaliwashauri wanaopita Lyon wazunguke kwa barabara ya mashariki. Mwenyeji wangu alisema kuzunguka ni kurefusha. Akanyoosha kuelekea handaki la Fourvière, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 1971 limekuwa ndilo kabari ya Lyon, na ambalo kila Mfaransa aliyewahi kwenda likizo baharini analo neno la kulisema. Saa nane na nusu kamili, saa ya kadi, tulikuwa tumesimama mita mia kadhaa kabla ya mdomo wa handaki hilo, dirisha wazi, sambusa zikitoa mafuta kwenye karatasi. Simu ikalia ujumbe kutoka kwa mwenzetu wa Paris. Ulikuwa na maneno matatu: "Meya amevaa ukanda."

Ukanda ni ule wa rangi tatu za bendera ambao meya huuvaa anapotekeleza kazi ya serikali. Kilichoendelea ofisini nakieleza kama nilivyosimuliwa na watu watatu waliokuwepo, ambao hawatofautiani. Meya alisubiri robo saa. Bibi harusi aliomba dakika kumi zaidi, naye akajibu kwa upole kwamba padri anahudumia makanisa kadhaa na ana ubatizo baada yao. Milango ya ukumbi iliachwa wazi, kama sheria inavyotaka, kwa kuwa ndoa ni tendo la hadharani na yeyote aweza kuingia kusikiliza. Meya akasoma vifungu vya sheria ya kiraia vinavyosomwa kwa kila ndoa nchini humo, kikiwamo cha 212 kinachosema kwamba wanandoa wanadaiwana heshima, uaminifu, msaada na kushikana mkono. Neno heshima liliongezwa mwaka 2006, na bibi harusi, ambaye ni mwanasheria, alikwisha kutuambia kwamba hilo ndilo neno analolipenda. Wakaulizwa, wakaitika. Karatasi ya daftari iliyochapwa na majina manne ya mashahidi ikawekwa kando, katibu akachapa nyingine yenye matatu. Wakatia saini. Saa tisa na dakika tano walikuwa nje wakimwagiwa maua.

Sisi bado tulikuwa barabarani, Lyon ikiwa nyuma yetu.

Tulifika kanisani saa tisa na dakika arobaini, ibada ikiwa imeanza. Ni kanisa dogo la mawe, la aina ile ya kale iliyojaa katika vilima vya Mâconnais, lenye ubaridi hata mwezi wa Julai. Mwenyeji wangu alikaa mstari wa nyuma kabisa, akiwa ameshika viatu vyake vya harusi mkononi kwa sababu hakuwahi kuvivaa. Bibi harusi aligeuka mara moja tu. Mwishoni, mashahidi walipoitwa kutia saini daftari la parokia, ambalo ni la kanisa na halina nguvu kwa meya, yeye alimnong'oneza padri, na padri akaonesha kwa kalamu sehemu iliyobaki wazi. Mwenzetu ni Mwislamu. Alisimama akasita, watu wote wakimtazama, kisha akasema kwa Kiswahili, bila kumlenga mtu, kwamba kushuhudia si kusali, akaenda pekupeku akaandika jina lake.

Ya jioni hayana haja ya kurefushwa, ila jambo moja ni tawi la kosa lilelile. Kwenye vin d'honneur huja yeyote anayehusika na familia: majirani, wafanyakazi wa shamba, wenzao wa kwaya. Watu husimama na glasi ya crémant, yaani divai ya povu, au maji ya zabibu na vile vimandazi vya jibini vya Bourgogne viitwavyo gougères, na saa mbili wengi wao huaga. Chakula cha usiku ni cha waliotajwa kwa jina, na kila jina lina kadi yake mbele ya sahani. Mpwa wetu hakuwa na kadi. Kwetu mgeni wa mgeni ni mgeni; pale alikuwa mtu wa themanini na tatu katika ukumbi wa watu themanini na wawili, na mpishi alikwisha kuhesabu vipande vya nyama. Mama wa bwana harusi alimwekea kiti kwenye meza ya watoto bila kukunja uso, na kijana akawa ndiye aliyecheka kuliko wote usiku ule, hasa ulipoletwa mnara wa vitumbua vya krimu vilivyogandishwa kwa sukari iliyoungua. Hata hivyo niliona jinsi mama yule alivyosimama kidogo mlangoni mwa jiko kabla ya kuingia.

Mwenzetu wa nne, anayeishi Muscat, ambaye katika masimulizi ya kundi hutajwa kama aliyefika salama, naye aliponea chupuchupu. Alitua Lyon Ijumaa, akapanda treni ya mkoa mpaka Mâcon, akashuka katikati ya mji, wakati binamu wa bwana harusi akimngoja kwenye kituo cha Mâcon-Loché. Vituo hivyo viwili viko umbali wa kilomita sita hivi: kimoja ni cha mjini, cha treni za kawaida, kingine kiko nje kabisa, kilijengwa kwa ajili ya reli ya kasi ya Paris na Lyon iliyoanza mwaka 1981. Ramani ya simu iliandika Mâcon, binamu aliambiwa Mâcon, na kila mmoja alikuwa Mâcon. Walipotezana kwa saa moja na nusu. Lakini ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, na Ijumaa saa kumi jioni kupotezana ni kichekesho tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisiikubali hadithi ya foleni. Makosa yetu ya siku ile na ya mwenzetu wa Muscat yalikuwa na uzito uleule: yeye hakuuliza kituo, sisi hatukufuata bango. Lake lilimgharimu soda moja kwenye kituo, letu likamgharimu mtu nafasi ambayo haitarudi. Aliyekuja siku moja kabla alikuwa na nafasi ya kukosea. Sisi tulikuwa tumekwisha kuitumia nafasi yetu yote kwenye kuonana: siku tatu Paris, tatu Marseille, na harusi tukaibakizia asubuhi.

Nikigawa lawama, nampa dereva robo, kwa ajili ya handaki na kwa ajili ya kumficha mama mkwe habari ya ushahidi. Bibi harusi nampa kidogo, kwa ufupisho wake. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba angeandika tu "saa nane na nusu naolewa, saa tisa nimekwisha kuolewa," tungeelewa. Kiasi kikubwa kinabaki kwangu, niliyepanga usiku kumi kwa kutazama bei na faili la viza, nikaiweka saa ya meya mwishoni kama kitu kitakachojipanga chenyewe. Mwenzetu wa Paris anapinga mgawanyo huu. Anasema dereva astahili nusu, kwa kuwa yeye mwenyewe alifungiwa ndoa yake mbele ya meya na alijua dakika ishirini ni nini. Nilipomuuliza dereva, alijibu kwamba ofisi ile ya mjini ilikuwa na ndoa nyingi siku hiyo na yake ilichelewa saa nzima. Alijifunza sheria, akajifunza pia kwamba haina haraka, na la pili ndilo alilosafiri nalo.

Mpangilio mwingine haukuhitaji pesa zaidi. Tungetua wote Jumatano au Alhamisi, tukaenda moja kwa moja kijijini au Mâcon, tukalala huko mpaka Jumatatu, kisha Marseille na Paris zikafuata, karamu ya mama mkwe ikiwa ya kumpongeza shahidi aliyerudi. Cheti cha wakwe kingeandikwa usiku nne badala ya mbili kwa stempu ileile ya euro 30. Na treni ya Ijumaa, iliyokataliwa kwa sababu gari ni bure, ingegharimu chini ya mafuta, tozo na usiku wa hoteli ambao niliulipia nikautumia kwa saa tano.

Jumapili, baada ya ule mlo mrefu, bwana harusi na ndugu zake walibaki kurudisha viti na meza za kukodi. Bibi harusi akasema apelekwe Cluny. Tulikwenda watano katika gari lilelile, kijana na mtoto wakabaki kucheza mpira shambani. Abasia ile ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa magharibi mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro huko Roma. Baada ya Mapinduzi lilibomolewa mawe yakauzwa, na leo kimesimama kipande tu, chenye urefu wa kumfanya mtu avue kofia. Tulikaa kwenye ngazi nje yake tangu saa tisa mpaka jua lilipoegemea mapaa. Tulizungumza habari za matroni wetu, za uji wenye ukungu, za aliyefariki, za aliyeokoka, za ambaye hatumjui aliko. Sambusa zilizobaki ziliishia hapo. Hakuna aliyeitaja Jumamosi isipokuwa mara moja, pale bibi harusi alipomwuliza dereva kama alikwisha kuvivaa vile viatu.

Jumatatu mimi nilipandia Loché kwenda Paris, nikiwa nimeuliza mara mbili ni Loché ipi. Dereva alikuwa amekwisha kuondoka tangu saa kumi na moja alfajiri, mtoto amelala kiti cha nyuma. Alituma ujumbe saa mbili na nusu kutoka karibu na Valence kwamba barabara nyeupe, na kwamba Lyon ameizungukia mashariki.